Uzi wa Tatu

Ukikohoa wiki ya kwanza, sema ni vumbi. Wiki ya pili, sema ni baridi ya ziwa. Wiki ya tatu usiseme kitu, nenda hospitali. Mimi nilisema vumbi la pamba kuanzia kupalilia mpaka kuvuna, na hilo vumbi langu karibu linizike.

Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiwa mtoto sikuwahi kukaa darasani, nilichunga ng'ombe wa baba. Herufi nimezijua ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la pamba, nikiwa bibi wa wajukuu wanne. Ukiona mstari umepinda usinicheke, wewe soma tu. Juzi nilimwona mwanamke kwenye benchi la zahanati anakohoa ndani ya kanga kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Nikamjua, maana nilikuwa yeye.

Mwaka nilioumwa, tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, hata mwaka mmoja bado. Boma letu la zamani lilikuwa na uzio wa minyaa, na nyumba yangu na nyumba ya mke mwenzangu Kabula zilipeana mgongo. Kijijini nyumba zilipangwa mistari kama mahindi, na mlango wa Kabula ukawa unatazama mlango wangu. Nikipiga chafya, pole inatoka ng'ambo. Mimi ndiye mke mkubwa wa Makoye, yeye mdogo. Kabula ana wavulana wawili, na binti yake wa miaka miwili alimzika kabla hatujahama. Mimi binti yangu Sayi alikuwa ameolewa Geita ana watoto wake, na bado nilikuwa nanyonyesha. Minza, kitindamimba wangu, alizaliwa wakati watu wanasema mimi, Milembe, nimeshafunga duka. Niliwaonyesha.

Ugonjwa haukuniingilia kifuani, mimi niliuona kwanza mkononi. Tangu niolewe nilivaa bangili saba za shaba mkono wa kushoto, zimebana, kuzitoa ni mpaka samli na ugomvi. Siku moja nasonga ugali, moja ikateremka ikatumbukia kwenye chungu.

"Dada," Kabula akasema, "leo tunakula shaba."

Tukacheka mpaka ugali ukaungua. Baada ya majuma machache bangili zote zilikuwa zinapanda mpaka kwenye kiwiko na kushuka zenyewe, zinalia kama kengele za mbuzi, na aliyecheka hakuwepo. Nguo nikiamka zimelowa kama nimevuka mto. Halafu siku ya kuchambua pamba, nyeupe huku, fifi, yaani ile chafu, kule, nikakohoa, na juu ya pamba nyeupe kukawa na damu. Kabula aliitazama. Akachota ile pamba kwa kiganja, akaitupa upande wa fifi, akaendelea kuchambua. Nimeliwaza lile tendo miaka mingi. Kipindi kile niliona anaficha ushahidi.

Makoye alinipeleka kwa mganga wa kuku. Asiyejua desturi yetu nitamwambia: unamtemea kuku mate mdomoni ili abebe habari zako, kisha mganga anampasua na kusoma alama ndani yake. Mganga akageuza bawa, akageuza tena, akasema, "Anayekula mwili wako mnachota maji mtungi mmoja."

Mtungi wetu tulichota watatu: Makoye, mimi na Kabula.

Njiani Makoye akasukuma baiskeli kimya, kisha akasema, "Mama Sayi, ukisema neno, namrudisha kwao."

Sikusema. Ila niliacha kula na Kabula. Sisi wanawake wawili tulikula bakuli moja miaka yote ile, na kuanzia siku hiyo nilichukua sehemu yangu nikaenda kukaa kwenye kinu, nimempa mgongo. Yeye aliendelea kuketi na bakuli, ameacha upande wangu wazi. Mkaidi yule.

Aliyenitoa pale ni Sayi. Alikuja kutoka Geita na mimba kubwa, akanitazama mlangoni, hata mzigo hajautua.

"Shikamoo mama. Nani amekukausha hivi?"

"Marahaba. Kuku amesema..."

"Kuku amesema yake. Kesho twende na kwa watu wanaopiga picha kifua."

Basi tukaenda Mwanza mjini, tukaketi kwenye benchi. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali siku nzima bila kazi mkononi, kwa hiyo nikawatazama watu. Ukikohoa, jirani hakukimbii. Anageuza shingo polepole, kama anatafuta mtu anayemfahamu upande ule mwingine. Kisha anasogea upana wa kidole. Ukikohoa tena, kidole kingine. Kufikia saa sita mwanamke aliyekuwa amenigusa bega alikuwa amekalia ncha ya benchi kwa tako moja, na hakujua. Naye alipokohoa, nikashangaa: mimi nami nilikuwa nimesogea.

Wakanipa kopo nitoe makohozi. Nikamwambia Sayi, kumbe kila mganga anataka mate yangu. Wakanisimamisha kifua wazi mbele ya kitu cha baridi kama jiwe la asubuhi, wakaniambia nisipumue. Kisha daktari, kijana mwenye miwani, akasema kifua kikuu. Sindano kila siku, miezi miwili, nilale wodini. Baada ya hapo vidonge mwaka mzima na zaidi. Na mtoto aachishwe ziwa leo hii, aondolewe karibu yangu.

Minza alikuwa na miezi tisa. Mama mkwe alishakufa. Sayi alikuwa anakaribia kujifungua, tena Geita mbali. Aliyebaki ni mmoja, naye alikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta, amenisindikiza na mwanangu mgongoni kwa sababu nilishindwa kumbeba.

Usiku wa kuamua sikupewa. Nilimnyonyesha mara ya mwisho, nikamweka mikononi mwa Kabula, nikampa na bangili zangu kwenye kitambaa maana zilikuwa hazikai tena. Hatukutazamana. Niliona mgongo wake unaondoka na kichwa cha mwanangu kinachezacheza juu ya kanga, nikasema moyoni, Milembe, umemkabidhi fisi mbuzi.

Maziwa hayakujua kwamba mtoto ameondoka. Siku tatu yalijaa, yakauma, yakadondoka kwenye shuka la hospitali. Siku ya nne nikafunga kanga yangu, nikatoka niende nyumbani kumchukua mwanangu, nife naye kama ni kufa.

Mlangoni alisimama mhudumu mmoja, mwanamke mfupi, mnene, ameshika dekio.

"Unakwenda wapi, mtani?"

"Nani kakwambia mimi mtani wako?"

"Unavyolalamika usingizini nimejua ni Msukuma. Mimi Mwajuma, Mzaramo. Nimeletwa huku kote kuja kuwadekia ninyi wachunga ng'ombe sakafu mliyoizoea ya mavi."

Sisi na Wazaramo ni watani. Mtani anakutukana mbele ya mumeo na wewe unacheka. Ukifa, yeye ndiye anayeingia msibani kufanya vituko na kushika jembe. Nikamwambia akapande minazi kwao. Nikamwambia na habari ya kuku, na ya mtoto, yote, pale pale mlangoni, sijui kwa nini. Mambo ambayo sikumwambia hata Sayi.

Mwajuma akaegemea dekio lake. "Nyie watu. Kuku amekufa mnamwamini, daktari yu hai mnamkimbia. Rudi kitandani. Ukifa ni mimi wa kukuzika, na wiki hii nina kazi nyingi, sina nafasi."

Angesema daktari, nisingemsikia. Angesema mume wangu, ningemnunia. Mtani huwezi kumnunia. Nikarudi kitandani.

Sindano zile zilikuwa za asubuhi. Makalio yaligeuka mbao, tukawa tunakaa upande upande kama kuku wa kutaga. Masikio yakaanza kupiga mluzi mchana kutwa, nikisimama ukuta unanijia. Nimwambie anayesoma: mambo hayo mwambie daktari, usiyameze. Mimi niliyameza nikidhani ndiyo dawa inafanya kazi, na hadi leo sikio la kulia husikia kama limezibwa na pamba.

Siku za wageni nilisoma watu kuliko nilivyokuja kusoma vitabu. Makoye alikuja Jumapili kwa baiskeli, akasimama nje ya dirisha, akanihadithia bei ya pamba na ng'ombe aliyevunjika pembe. Ndani hakuingia hata siku moja. Nilimchukia kwa hilo. Halafu Jumapili moja mvua kubwa ilinyesha, na yeye akasimama pale pale dirishani ameloa, anahadithia ng'ombe. Nikajiuliza: mtu asiyekupenda atasimama kwenye mvua? Na mtu anayekupenda ataogopa kuingia mlangoni? Nadhani yote mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja na hayagombani.

Ndugu wa kanisani walikaa mwisho wa kitanda, wakaongea nami kwa sauti ya juu kana kwamba kifua kikuu ni cha masikio. Shoga yangu niliyemzalisha watoto wawili hakuja kabisa.

Kabula alikuja juma la kwanza, kwa lori lililopeleka pamba kiwandani. Akasema shikamoo dada, akaja akakaa kitandani kwangu, juu ya shuka langu, paja lake limegusa goti langu. Mtoto hakumleta, wodi ile watoto hawaruhusiwi.

"Anakula?" nikamuuliza.

"Anakula uji. Maziwa ya mgando hataki."

"Nitajuaje?"

Alinitazama mkono, pale zilipokuwa bangili, ngozi imebaki nyeupenyeupe. Akasema, "Nitakuletea mkono wake."

Nikashtuka, nikaona sasa uchawi umetoka hadharani.

Juma la tatu akaja na kitambaa kimefungwa. Ndani yake kulikuwa na pete ya uzi, uzi uliochomolewa kwenye gunia. Alikuwa ameuzungusha kwenye mkono wa Minza, juu ya kiwiko, akaufunga fundo, akauvua taratibu. Nikaupitisha kwenye vidole vyangu. Viliingia vitatu na nafasi ikabaki. Nikauvaa. Nikaunusa pia, usinicheke, nikasikia harufu ya mwanangu, au niliitaka tu.

Kabula alipoondoka, Mwajuma akaja kudeki. "Amekuletea hirizi?"

"Anasema ni mkono wa mtoto."

"Na wewe unasemaje?"

"Uzi unaweza kufungwa kwenye mpini wa jembe," nikasema.

"Kweli. Msukuma ana akili siku moja moja."

Juma la tano uzi wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Viliingia vidole vitatu, na kile kidogo nusu. Kabula alikuwa na furaha, anaongea haraka, ati Minza amesimama kwa kushika kinu. Nilimsikiliza kwa uso wa jiwe. Nilijua kwamba mtu akitaka kukudanganya atakuletea uzi mkubwa kila safari, na wewe utafurahi, utakaa kitandani na pete zako, mtoto yuko chini ya udongo. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Ninaandika ilivyokuwa.

Juma la saba aliingia bila kusema shikamoo. Akakaa. Akafungua kitambaa.

Uzi wa tatu ulikuwa mdogo kuliko wa pili. Ulikuwa mdogo hata kuliko wa kwanza. Viliingia vidole viwili, cha tatu kikakwama kwenye kiungo.

"Amepungua," Kabula akasema. "Anakohoa siku ya tisa leo. Nimejaribu uji wa karanga, nimejaribu kila kitu. Nimekuletea hivyo hivyo ulivyo."

Niliushika uzi ule muda mrefu. Masikio yanapiga mluzi. Nikamtazama mke mwenzangu, midomo imempasuka, macho mekundu ya kukesha. Alijua uzi huo unamaanisha nini kwake. Makoye alikuwa anangoja neno langu moja. Mtoto akifa mikononi mwake, kijiji kizima kitamaliza sentensi ya yule kuku. Na gunia lilikuwa na nyuzi tele. Kukata mwingine mrefu kidogo ni kazi ya nukta moja, na mimi pale kitandani nisingejua kamwe.

Mwongo angeniletea uzi mkubwa.

"Kabula," nikasema, "mlete kesho. Usingoje lori. Mwambie Makoye nimesema mimi."

"Watasema nimemla."

"Waseme. Mlete."

Mwajuma alikuwa amesimama na ndoo yake, amesikia. Hakutania. Alisema tu, "Mje mapema, dada, nitawakalisha mbele."

Makoye mwenyewe aliwaleta kwa baiskeli. Nilimwona Minza kupitia dirishani. Nikamwita. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu wa kupita njia, kisha akaficha uso shingoni kwa Kabula. Kabula akajaribu kumgeuza: "Ona, mama yule. Mama." Mtoto akalia. Sindano zangu arobaini na kitu zote pamoja hazikuuma hivyo.

Daktari alikuja kitandani kwangu baadaye. Akasema ni kifua kile kile, kimewahiwa, mtoto atatibiwa. Nikamuuliza amekipata wapi. Yule kijana alivua miwani yake kwanza, akaitazama.

"Kwa mama yake, bibi. Kabla hujaja hapa. Hukujua."

Kwa hiyo nimjibu yule mganga wa kuku, popote alipo. Aliyekuwa anakula mwili wa mwanangu alichota mtungi mmoja naye, kweli. Alimlaza kifuani na kumpulizia usoni kila usiku, akimwimbia.

Siku tatu sikula. Mwajuma akaniletea ugali na samaki wa furu, akaketi. "Unalilia nini? Umemwambukiza. Basi. Sasa kula, upone, ukamwambukize ukali wako, maana mtoto mpole hawezi kuishi huku kwenye mawe." Nikala. Sijui kama katika vitabu vya madaktari wameandika habari ya watani. Waandike.

Tulingoja. Minza alipewa dawa, Kabula akalala naye wodi ya watoto ng'ambo ya ua, akamshikilia kila sindano. Uzi wa nne ulikuja kwa mkono wa Mwajuma, sawasawa na wa tatu, haujaongezeka wala kupungua, na tulishangilia kama ngoma. Wa tano, kidole cha tatu kikaingia chote, na Kabula akaruhusiwa kumrudisha nyumbani na dawa zake.

Niliruhusiwa mvua za kwanza zilipoanza, kopo langu likiwa safi mara tatu. Nilibeba vidonge vya mwezi kwenye mfuko wa karatasi. Hapo nilifanya kosa, nalo nilitaje ili lisirudiwe. Kijijini tulikuwa tunagawana kila kitu, jembe, chumvi, shamba, na watu wakaja mlangoni: Mama Sayi, na mimi nakohoa, nigawie hivyo vyeupe. Nikawagawia. Ningenyimaje? Balozi wa nyumba kumi alichukua sita. Nilipokwenda kuchukua vingine kabla ya siku yake, Mwajuma akanisikia nikieleza, akasema, "Mtani, huo ni ugonjwa mmoja mnaugawana vipande ili kila mtu apate." Usigawe vidonge. Mpeleke mwenzako benchini akatoe makohozi yake mwenyewe.

Siku niliyorudi nyumbani Kabula alipika ugali wa mtama na mlenda, akaweka bakuli katikati. Upande wangu ulikuwa wazi kama zamani. Sikwenda kwenye kinu. Nilikaa, nikatia mkono. Minza alikuwa mapajani kwake, ananichungulia.

Nikasema, "Kabula, nilikuwa na kuku."

"Najua. Ulinipa mgongo miezi mitatu."

"Alikutaja wewe."

Akamega tonge, akalichovya. "Hata mimi nilikuwa na kuku," akasema. "Alipokufa binti yangu. Alikutaja wewe."

Nilibaki na tonge mkononi. Tangu binti yake azikwe tulikuwa tumekula bakuli moja kila siku ya Mungu, karibu miaka mitatu, mpaka nilipohamia kwenye kinu.

"Na ukaendelea kula na mimi?"

"Ningefanyaje? Kama ni wewe, nikae mbali nitakuonaje?" Alikuwa anasema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kukausha michembe ya viazi. "Nilikaa karibu, nikala na wewe, nikauangalia mkono wako. Mwaka wa kwanza niliuangalia sana. Sikuona kitu. Mwaka wa pili nikawa nasahau kuangalia."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu bangili ikaingia kwenye chungu."

Makoye alituita kutoka nje, akauliza tunacheka nini. Hatukumwambia.

Minza sasa yuko darasa la pili, na kwa kelele anazopiga hakuna mwenye wasiwasi na mapafu yake. Bangili zangu zimerudi mkononi zote saba, na kuzitoa ni samli na ugomvi. Nyuzi tano ninazo, kwenye kitambaa kile kile. Kula, tunakula bakuli moja. Na mara moja moja, katikati ya chakula, ninainua macho na kumkuta mwenzangu ameutazama mkono wangu.

"Unaangalia nini?" namuuliza.

"Kula," anasema. "Na wewe unaangalia wangu."